Jasho Lisiloonekana: Kuendesha Baiskeli Karamoja Wakati wa Akamu

Nimeishi Moroto, mji wa Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza nikiwa mtoto wa askari katika kambi ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila nyumba hata kama wazazi walitoka pembe zote za Uganda, na sasa nikiwa mwalimu wa sayansi ambaye huenda kazini kwa baiskeli na ambaye, siku za mapumziko, huipeleka baiskeli hiyo hiyo mbali sana na shule. Kiangazi chetu, ambacho Wakaramoja hukiita akamu, huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Machi. Katika miezi hiyo nyasi huwa majani makavu yanayokatika ukiyagusa, mito hubaki mchanga mtupu, na upepo mkavu huvuma kutoka upande wa Turkana. Karamoja si jangwa kamili, kwa maana mvua zikinyesha tunalima mtama na kuvuna, lakini mtu aliye juu ya baiskeli saa nane mchana mwezi wa Februari hana njia ya kuutambua ukweli huo, na akivuka mpaka na kuteremka hadi Lodwar, upande wa Kenya, hata tofauti hiyo ndogo huisha.

Naandika haya kwa sababu ya jambo lililompata binamu yangu miaka michache iliyopita, na kwa sababu kila mwaka naona vijana, wageni na wenyeji kwa pamoja, wakiingia barabarani kwa namna ile ile tuliyoingia sisi.

Binamu alikuwa amekuja kutoka Jinja, ana afya nzuri, na kwa baiskeli alikuwa na mbio kunishinda. Siku ya tatu baada ya kufika tulipanga kwenda Nakapiripirit, safari ya takriban kilomita 90 kwa barabara ya lami. Tulikusudia kuondoka saa kumi na moja alfajiri, lakini asubuhi tulikuta tairi lake la nyuma halina pumzi, fundi akachelewa kufungua, na ilipotimia saa tatu nikasema tuondoke tu. Uamuzi huo ulikuwa wangu, si wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua nchi. Upepo ulikuwa mgongoni mwetu, na nikamshukuru Mungu kwa upepo ule.

Tulipita Lorengedwat tukiwa bado na nguvu, kwa jinsi nilivyoona. Baada ya hapo alianza kubaki nyuma, kisha baiskeli yake ikaanza kuyumba kuelekea katikati ya barabara. Nilimwambia, "Vumilia kaka, mbele kuna kisima, tutapumzika." Akanijibu kwamba inabidi tuwahi kununua samaki kabla soko halijafungwa. Hapakuwa na soko wala samaki. Nilicheka, nikidhani anatania, na tukaendelea kwa karibu nusu kilomita nyingine kabla hajashuka, akaiacha baiskeli ianguke na kukaa chini juani kando ya lami. Nilipomuuliza leo ni siku gani, alinitajia jina la shule yetu ya msingi.

Kisima kilikuwa karibu kuliko nilivyodhani, na wanawake waliokuwa wakichota maji ndio waliomwokoa. Mama mmoja mtu mzima, ambaye tulimwita "toto" kama Wakaramoja wanavyomwita mama, hakuniuliza maswali mengi. Tulimbeba hadi chini ya mti wa ekorete, tukamvua viatu na shati, na mama yule akaagiza jerikeni ya kwanza imwagwe mwilini mwake, kisha ya pili, huku wasichana wawili wakimpepea kwa shuka lililoloweshwa. Tulimwagia jerikeni tatu za lita 20. Wale wanawake walikuwa wamepanga foleni kwa ajili ya maji yale, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Baada ya muda, labda dakika ishirini, binamu aliuliza kwa nini nguo zake zimelowa, na nikajua amerudi. Gari la mizigo lililokuwa likipita lilitupeleka kwenye kituo cha afya, ambako muuguzi aliniambia waziwazi kwamba maji yale, kabla ya safari ya gari, ndiyo yaliyomsaidia zaidi ya kitu kingine chochote.

Tangu siku ile nimesoma na kutafakari sana kuhusu kilichotokea, na jambo ninalotaka msomaji alishike ni kwamba katika joto kavu mwendesha baiskeli hawezi kuutegemea mwili wake umwambie ukweli kwa wakati, kwa sababu ishara alizozizoea huondolewa na hewa yenyewe.

Misuli ya mtu anayekanyaga pedali hugeuza takriban robo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo, na robo tatu zilizobaki huwa joto linalopaswa kutoka mwilini. Hewa ikiwa baridi, joto hilo hutoka lenyewe kupitia ngozi. Hewa ikifika nyuzi joto 35, ambazo ni karibu sawa na joto la ngozi, njia hiyo hufungwa, na hubaki njia moja tu, yaani jasho kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi, joto ambalo lingetosha kuchemsha lita saba za maji yaliyochotwa kisimani. Jasho linalodondoka chini halisaidii chochote. Linalofanya kazi ni lile linalokauka. Sasa, pale Jinja kando ya ziwa, hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hukauka polepole, shati hulowa, na mtu huona kwa macho yake kwamba anapoteza maji. Kwetu jasho hukauka mara tu linapotoka. Binamu alikuwa na shati kavu, na kwa mazoea ya Jinja shati kavu lilimwambia kwamba hajachoka na hana haja ya kunywa. Alama pekee ilikuwa mistari myeupe ya chumvi mgongoni, ambayo mimi niliyekuwa mbele yake sikuiona. Mtu anayefanya kazi nzito katika joto la namna hii anaweza kupoteza lita moja hadi mbili kwa saa, na sisi kwa saa nne tulikuwa tumekunywa chupa mbili ndogo kila mmoja.

Upepo nao ulikuwa na sehemu yake. Mwendesha baiskeli anayekwenda kilomita 20 kwa saa katika hewa iliyotulia hujitengenezea upepo wa kasi hiyo hiyo, na upepo huo ndio unaokausha jasho. Lakini upepo ukivuma mgongoni kwa kasi karibu sawa na yake, hewa inayomzunguka husimama, kana kwamba amekaa ndani ya chumba kisicho na dirisha, ilhali misuli inaendelea kuzalisha joto. Ndiyo maana leo, upepo ukiwa nyuma yangu mchana, napunguza mwendo na kusimama mara nyingi zaidi. Mlima una hatari hiyo hiyo: kazi ni kubwa, mwendo ni mdogo, upepo hakuna. Wengi hudhani upepo wa mbele ndio adui, na kwa miguu ni kweli, lakini kwa joto la mwili ni kinyume chake.

Kosa langu la pili lilikuwa kumpeleka mgeni safari ndefu katika siku ya tatu. Mwili hujifunza joto, lakini hujifunza kwa siku saba hadi kumi na nne za kulikabili kidogo kidogo. Katika muda huo damu huongezeka maji, jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Mtu mwenye mapafu ya mwanariadha ambaye hajapitia siku hizo anaweza kuanguka mahali ambapo mzee wa hapa anapita taratibu na gunia la mkaa kwenye keria. Elimu hiyo ya mwili pia hupotea baada ya wiki chache za kukaa mahali penye baridi, na mimi mwenyewe nikirudi kutoka Kampala baada ya likizo ndefu hujihesabu kuwa mgeni: wiki ya kwanza naendesha saa moja tu kwa siku, asubuhi.

Kuhusu saa za safari sina mjadala na mtu yeyote. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo anayeondoka mwanga unapoanza ana saa tatu na nusu za kuendesha kabla ya saa nne, na saa nne ndiyo saa ninayotaka niwe kivulini. Watu wengi huihofia saa saba, jua linapokuwa utosini, halafu saa tisa wanaanza safari ya kurudi wakiamini kwamba jua limepoa. Kwa kweli hewa huwa na joto kali zaidi karibu saa tisa, kwa sababu ardhi huendelea kupata joto na kulitoa muda mrefu baada ya adhuhuri, na lami nyeusi ya siku kama hiyo inaweza kupita nyuzi 60 na kumchoma mtu kutoka chini kama jua linavyomchoma kutoka juu. Mimi hungoja hadi saa kumi na moja, na ikiwa mwanga hautanitosha kufika, nalala nilipo. Kuendesha usiku kwenye barabara isiyo na taa, pamoja na malori, ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine.

Maji yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ushauri wa kunywa maji mengi, ukiachwa hivyo, unaweza nao kuua. Mtu anayejaza tumbo maji matupu kwa saa nyingi hupunguza chumvi katika damu yake, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za joto kali, hivyo wenzake humnywesha maji zaidi na kumharibu zaidi. Wakimbiaji wa mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 walipopimwa damu baada ya kumaliza, asilimia 13 ya waliopimwa walikutwa na upungufu huo wa chumvi. Kwa hiyo mimi hunywa kiu inaponijia na pia ninapofika kwenye vituo nilivyojipangia, na katika safari inayozidi saa moja na nusu, chupa moja kati ya mbili huwa na chumvi na sukari: vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, katika lita moja ya maji safi. Ndicho kipimo kile kile ambacho mama zetu hufundishwa kwa ajili ya mtoto anayeharisha, na pakiti za duka la dawa hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi. Nikiwa na ukwaju nauloweka usiku, kwa sababu uchachu wake hunifanya nitamani kunywa hata maji yanapokuwa ya moto.

Ili kujua unapoteza kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya safari ya saa moja. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, ukijumlisha na uliyokunywa njiani. Nilipojipima kwa mara ya kwanza nilishangaa, kwa kuwa nilikuwa nikikadiria nusu ya kiasi halisi. Chupa zangu huzivisha soksi nene iliyoloweshwa, nayo inapokauka hupoza maji kwa kanuni ile ile ya mtungi wa udongo unaotoa jasho nyumbani. Kwenye keria nafunga jerikeni ndogo ya lita tano, kwa kuwa kisima nilichokiona mwezi uliopita kinaweza kuwa kimeharibika pampu leo. Kabla ya kuondoka huwauliza madereva na wafugaji waliopita njia hiyo ni kisima gani kinatoa maji, na jibu lao naliamini kuliko ramani yoyote.

Mavazi yasituchukulie muda mwingi. Shati jepesi la mikono mirefu, lenye rangi isiyokolea na lisilobana, humlinda mtu kuliko mikono mitupu, kwa sababu tuko karibu na ikweta na jua letu huunguza ngozi ya kila rangi. Kofia ngumu ya baiskeli iwe na matundu ya kupitisha hewa, na kitambaa kilicholowa kifungwe shingoni. Nikipata maji ya ziada ya kisima nalowesha shati zima, na kwa nusu saa inayofuata mwili haulazimiki kutumia maji yake wenyewe kujipoza.

Baiskeli yenyewe huhusika na usalama wa joto kwa njia ambayo wageni hawaitarajii, nayo ni pancha. Miiba ya migunga na mbigili zilizotapakaa kando ya njia hutoboa matairi hata ya mtu mwangalifu, na dakika ishirini za kuziba tyubu kando ya lami inayotoa moto, bila upepo wa mwendo, ni mbaya kuliko dakika ishirini za kuendesha. Baiskeli ikokotwe hadi kwenye kivuli kwanza, hata kama kivuli kiko mbali, ndipo tairi lifunguliwe. Solusheni ya kuzibia hukauka ndani ya kichupa chake katika joto letu, kwa hiyo nabeba tyubu nzima ya akiba na kuvihesabu viraka kuwa msaada wa pili. Watu huniuliza kama tairi linaweza kupasuka kwa jua. Hewa iliyojazwa asubuhi kwa nyuzi 25 na kupashwa hadi nyuzi 55 huongeza msukumo wake kwa takriban sehemu moja ya kumi, jambo ambalo tairi zima hulimudu na tairi chakavu huenda lisilimudu. Tairi chakavu ni hatari wakati wowote.

Wanaotaka kuteremka hadi Turkana kwa njia ya Lokiriama, mahali panapokumbukwa kwa mapatano ya amani ya mwaka 1973 kati ya Wamatheniko, kundi mojawapo la Wakaramoja, na Waturkana, wafahamu kwamba safari hiyo imegeuzwa juu chini. Moroto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Lodwar karibu 500, na joto la hewa huongezeka nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Unaanza ukiwa na nguvu katika hewa ya wastani, mteremko unakupa upepo mzuri, hunywi kwa sababu husikii haja, na unafika mahali penye joto zaidi ukiwa tayari umeishiwa. Kupanda huja wakati wa kurudi. Mimi husimama kila nusu saa kwenye mteremko ule na kunywa hata kama sitaki.

Lipo jambo ambalo linanihuzunisha zaidi ya hali ya wasafiri wa mapumziko, nalo ni vijana wanaobeba mkaa kwa baiskeli kuelekea mjini na kutafuna mairungi, yaani miraa, ili wasisikie uchovu. Wao hawachagui saa, kwa kuwa mnunuzi ndiye anayechagua. Mwaka 1967 Tom Simpson, Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli, alikufa akipanda mlima Ventoux katika mashindano ya Ufaransa, siku ya joto kali, na mwilini mwake zilikutwa dawa za kusisimua mwili pamoja na pombe. Kitu chochote kinachozima hisia ya uchovu huzima pia kengele ya mwisho ambayo mwili ulibaki nayo. Nimelizungumza hili na baadhi yao kisimani, nikiwaomba angalau waondoke kabla ya alfajiri na wawe wawili wawili, na wachache wamekubali.

Nami ni Mwislamu, na katika miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, ndani ya akamu. Mtu aliyefunga hana maji ya kurudisha, kwa hiyo baiskeli yangu mwezi huo hufanya kazi za karibu tu, na mazoezi nayaweka katika nusu saa ya mwisho kabla ya futari, wakati maji yako hatua chache mbele yangu. Dini imeturuhusu kufungua panapokuwa na hatari ya kudhurika na kuilipa siku hiyo baadaye, na mtu asione haya kuitumia ruhusa hiyo.

Sasa nirudi kwa dalili, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Niliwahi kufundishwa, na nikawafundisha wengine, kwamba aliyepatwa na kiharusi cha joto huacha kutoka jasho na ngozi yake huwa kavu. Kwa mtu aliyepatwa akiwa katika kazi nzito, mara nyingi si hivyo. Binamu, upepo wa mwendo ulipokoma, alitokwa na jasho jingi akiwa amekaa pale chini, na kwa dakika kadhaa jasho lile lilinipa matumaini ya uongo. Kinachotofautisha uchovu na hatari ya kifo ni akili: mtu anayesema maneno yasiyohusika, anayekasirika bila sababu, anayeyumba au asiyejua alipo, achukuliwe kuwa joto lake la ndani limepita nyuzi 40, na apozwe hapo hapo kabla ya kutafuta gari. Maji yoyote yaliyopo yamwagwe mwili mzima, apepewe bila kukoma, vitambaa vilivyolowa viwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena, na asinyweshwe chochote mpaka akili imerudi, kwa sababu anaweza kupaliwa. Kuomba gari kufanyike wakati huo huo na mtu mwingine, na ndiyo sababu nyingine ya kutosafiri peke yako.

Binamu alipona, ingawa alikaa wiki kadhaa bila kugusa baiskeli, kwa sababu mwili ulioguswa na joto namna ile huwa mwepesi kuguswa tena. Januari iliyopita alirudi Moroto, akakaa siku kumi akizoea, na tukaianza tena barabara ile mwanga ulipoanza tu. Kila nusu saa tuliulizana hesabu ndogo, kama nane mara saba, na atakayechelewa kujibu ndiye anayeamua tusimame. Saa nne kasorobo tulikuwa kisimani tukiwa na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Toto alimtambua binamu kabla hajanitambua mimi, akamshika mkono, akamgusa paji la uso kama anavyogusa mtoto mwenye homa, kisha akatuonyesha mti ule ule wa ekorete na kutuambia tusiondoke chini yake mpaka mbuzi warudi.